Tarakimu Sita za Mama Kioo

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina la cheti. Walimwita Mama Kioo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wajawazito watoto wao kwenye kioo cha mashine kabla hawajazaliwa, na kwa sababu, wenye ndimi zao walisema, hakuna siri ya nyumba ya mtu asiyoijua. Hilo la pili ni uongo mtupu. Mama Kioo hakuwa na muda wa siri za watu. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la dawa, kitanda cha ngozi bandia kilichotoboka upande wa miguuni, pazia la kijani, feni, na mashine ya ultrasaundi ambayo yeye alikuwa mmiliki wake wa tatu. Kazi hiyo aliisomea. Aliifanya hospitalini miaka kumi na moja, akachoka kungoja kupandishwa daraja, akaacha, akaanza yake. Usimwonee huruma. Mwenyewe hakujionea.

Nje ya pazia alikaa mumewe. Huyu zamani alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, mtu wa kuhesabu, kuandika na kuhesabu tena, na kiwanda kilipofungwa akahamia kwenye benchi la chumba cha mkewe. Ndiye aliyegawa vikaratasi vya namba, akapokea simu, akawatuliza wanaume waliokuja wanatetemeka kuliko wake zao. Foleni yake haikurukwa. Aliwahi kumrudisha mke wa mwenye nyumba kwenye namba kumi na tatu, na mama yule akakaa, akanuna, akangoja. Watu wakamwita Bwana Foleni, naye akalipokea jina hilo bila ugomvi.

Basi ile mashine ikaanza kuzeeka. Kwanza picha ikaota ukungu pembeni. Halafu ukungu ukaingia katikati. Mama Kioo akamwambia mjamzito mmoja ana mtoto mmoja, akajifungua wawili, na mtaa ukapata la kusema wiki nzima. "Mama Kioo, kioo chako kina chongo!" Yeye mwenyewe alicheka, maana mapacha wote walikuwa wazima na mama yao alikuwa akicheka zaidi.

La pili halikuwa la kucheka. Mama mmoja, mimba yake ya tatu, kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini kabisa, limeziba njia, na mashine haikulionyesha. Mama Kioo alizungusha kile kichwa cha kupimia tumboni mara nne, akaona ukungu, akaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Mama alifikishwa hospitalini anatoka damu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyejua kwamba kuna cha kulaumu, isipokuwa yeye. Toka siku hiyo kila aliyekuja na mimba ya zaidi ya miezi saba alimwambia aende hospitali kuu, mwendo wa saa mbili na nauli ya kwenda na kurudi. Nusu yao hawakwenda. Wakati mwingine alikaa na kitabu chake cha wagonjwa, akawahesabu hao nusu kwa kidole.

Kwa hiyo ilikuwa lazima mashine mpya ipatikane, na ipatikane kabla hajaandika "kila kitu kiko sawa" mara nyingine. Mashine za madalali wa pale mjini alizijua: zimepakwa rangi juu, ndani ni mzee yuleyule. Ndipo akaja Dada Mizigo, mfanyabiashara wa nguo na vyombo ambaye mara tatu kwa mwaka huwaongoza wenzake kwenda nje kununua bidhaa. Huyu akamwambia kuna nchi, kuna jiji, kuna mtaa mzima wa vifaa vya hospitali, unachagua unavyochagua viatu, na unapewa waranti ya kweli.

"Ila usibebe pesa taslimu zote," akasema Dada Mizigo. "Pesa taslimu uwanja wa ndege ni ugonjwa. Beba ya kushikia bidhaa tu, nyingine lipa kwa kadi."

Mama Kioo akaenda benki. Karani akamjazia fomu, akamwongezea kiwango cha kadi, akamweleza kwamba kwa malipo makubwa nje ya nchi, kadi peke yake haitoshi: benki itatuma tarakimu sita kwenye simu yake, na bila tarakimu hizo hailipi. "Laini yako isizimwe tu, mama," akasema karani.

"Laini yangu haijazimwa miaka tisa," akajibu Mama Kioo, na ilikuwa kweli.

Ilikuwa kweli kwa sababu laini hiyo ilikuwa ya kazi. Namba yake ilipakwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa duka la dawa, kila tarakimu ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mjamzito akitokwa na damu alfajiri anapiga hiyo. Akipotea njia anapiga hiyo. Simu yenyewe ilikuwa kile kidude cha vitufe chenye tochi, ambacho chaji yake hukaa wiki, na Mama Kioo hakuwa na nyingine wala hakuitaka. Sasa mtu anasafiri siku tano, aondoke nayo? Wagonjwa wampigie nani? Hata hakulifikiria mara mbili. Siku ya safari aliiweka mezani, pembeni ya simu ya mumewe, akasema, "Hii usiiache peke yake." Mume akasema haiwezi kuachwa. Kuhusu wao wenyewe walikubaliana vizuri: mke atapiga kwa simu ya Dada Mizigo, na namba ya Dada Mizigo ikaandikwa kwenye karatasi, ikabandikwa ukutani.

Ukiniuliza mimi, kosa liko wapi hapo? Kila hatua ina akili yake. Zikijumlishwa ndipo zinapomtia mtu kitanzi.

Siku ya kwanza huko ugenini walizunguka maduka mpaka miguu ikavimba. Siku ya pili Mama Kioo akaipata aliyoitaka, kwenye duka la ghorofa ya tatu lenye zulia la kijivu na baridi ya kiyoyozi. Ilikuwa mashine ya maonyesho, iliyotumika dukani tu, ndiyo maana bei yake ilishuka mpaka karibu na mfuko wake. Na ilikuwa moja tu. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye tai fupi, akamkaribisha aijaribu. Kwa nani? Mama Kioo akamwangalia, akamwonyesha kitanda. Muuzaji akacheka, akafungua vifungo vya shati, akalala. Akapakwa jeli, akapimwa, na picha ikatoka safi kabisa, ini lote limejitandaza kwa raha zake.

"Una kijiwe kwenye nyongo," Mama Kioo akamwambia kwa ile lugha ya biashara ya kuungaunga. "Kidogo. Punguza mafuta, muone daktari."

Muuzaji akaketi taratibu. Toka hapo akamwita daktari, ingawa alimwambia mara mbili kwamba yeye si daktari.

Akalipa taslimu ya kushikia. Sharti likaandikwa: iliyobaki ilipwe keshokutwa yake kabla ya saa sita mchana, ama sivyo mashine inauzwa kwa mwingine na cha kushikia hakirudi. Mwingine huyo hakuwa wa kubuni. Alikuwa daktari mmoja mwenye zahanati, mgeni kama yeye, aliyekuja akaishika mashine ileile, akaipapasa vile mtu anavyopapasa paja la mbuzi sokoni. Na ndege ya kina Mama Kioo iliondoka siku hiyohiyo ya malipo, jioni.

Asubuhi ya siku ya malipo Dada Mizigo aliondoka mapema kwenda kwenye ghala la kusafirishia mizigo, nje ya jiji, na simu yake mkobani. "Wewe kalipe tu, tukutane hotelini saa tisa," akasema. Mama Kioo akafika dukani saa tano na nusu. Alivaa gauni lake zuri. Yule daktari mwingine alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi la wageni na kikombe cha kahawa, anasoma kitabu cha picha za mashine bila kugeuza kurasa.

Muuzaji akaingiza kadi. Mama Kioo akabonyeza namba yake ya siri, kwa kuficha, mkono juu ya mkono. Kompyuta ya dukani ikafikiri, kisha ikafungua kijisanduku cheupe chenye nafasi sita.

"Tarakimu kutoka benki," akasema muuzaji. "Zimekuja kwenye simu yako."

Hapo ndipo Mama Kioo alipoelewa. Alishika mkoba wake mahali ambapo simu ingekuwa kama ingekuwapo, akabaki ameushika. Muuzaji akamweleza kwa upole kwamba tarakimu zinaishi dakika tano, kisha zinakufa; na kwamba ukikosa mara tatu, benki inaifunga kadi mpaka mwenyewe aende kaunta. Kaunta ilikuwa ng'ambo ya nchi nne.

"Naomba simu," akasema.

Simu ya dukani ilikuwa ya waya, juu ya meza. Namba alizozijua kwa kichwa duniani humu zilikuwa mbili, ya ukutani na ya mumewe. Akapiga ya mumewe.

"Haloo?"

"Baba, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi! Mkeo!"

"Mke wangu anapiga kwa namba ya Dada Mizigo," ikasema sauti ya Bwana Foleni, ya upole, ya kikazi. "Namba hii siijui. Ni ndefu, ina alama ya kujumlisha mbele."

"Dada Mizigo yuko ghalani. Hii ni simu ya dukani. Sikiliza, hapo mezani simu ya kazi imeingia ujumbe wa benki. Nisomee zile tarakimu sita. Haraka, baba, zina dakika tano tu!"

Ebo! Katika maneno yote yaliyoumbwa chini ya jua, asingeweza kuchagua mabaya zaidi ya hayo.

Maana miaka minne nyuma simu iliingia namna hiyohiyo. Mama Kioo alikuwa nyuma ya pazia, mikono imejaa jeli, na Bwana Foleni alikuwa kwenye benchi na simu zote mbili. Mtu akampigia, mstaarabu, akamwita "mzee wangu", akaitaja benki, akalitaja tawi, akasema akaunti ya mama inafungwa leo hii, kuna tarakimu zimeingia, nisomee haraka mzee wangu zina dakika tano tu. Bwana Foleni akasoma. Alizisoma vizuri, mara mbili, kama mtunza stoo. Akiba yote ya kununulia mashine mpya ikaondoka kabla mgonjwa wa nyuma ya pazia hajafutwa jeli. Ndiyo maana kile chombo cha ukungu kiliendelea kufanya kazi miaka minne zaidi. Baada ya hapo Mama Kioo alimwandikisha mumewe karatasi kwa mkono wake mwenyewe, ikabandikwa juu ya benchi: NAMBA ZA BENKI HAZISOMWI KWA MTU. Akamwambia, "Hata nikipiga mimi. Hata nikilia. Husomi." Mume akaitikia.

Na sasa mumewe akasema: "Dada, umechelewa. Umechelewa miaka minne. Wenzako walishapita." Akakata.

Mama Kioo akaushusha mkono wa simu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, hilo analijua kila mtu. Lakini kuwa wewe ndiye ung'ong'o ni jambo jingine. Kijisanduku kwenye kompyuta kikageuka chekundu. Muuzaji akainua kidole kimoja, kisha akainua vingine viwili kumwonyesha zilizobaki.

"Tuma tena," akasema Mama Kioo, na akapiga.

"Baba, usikate. Nisikilize. Sauti yangu huijui?"

"Naijua sana," akasema Bwana Foleni. "Ndiyo maana naogopa. Redioni wamesema siku hizi kuna mashine za kuiga sauti ya mtu. Wanamwigiza mpaka mama mzazi."

"Nani aniigize mimi? Mimi mwimbaji?"

"Sijui. Kazi yenu nyinyi."

"Niulize chochote! Watoto wetu ni wawili, wa kike ameolewa, wa kiume anafundisha. Kitanda cha wagonjwa kimetoboka miguuni. Wewe ukila maharage usiku husinzii."

"Hayo yote mtaa mzima unayajua," akasema mumewe. "Hasa ya maharage."

"Ufunguo wa kabati uko ndani ya kopo la chumvi!"

Akasikia anavuta pumzi. "Kumbe mmeshafika mpaka kabatini," akasema Bwana Foleni kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, na nyuma yake ukasikika mlio wa mfuniko wa kopo, anauhamisha ufunguo.

"Wewe mwanamume!" Mama Kioo akapayuka. Yule daktari kwenye kochi akageuza ukurasa wake wa kwanza. "Unaniharibia! Mashine inachukuliwa na mtu hapa, namwona kwa macho, anakunywa kahawa! Wewe umekaa hapo na karatasi yako..."

"Karatasi aliiandikisha mke wangu."

"Mimi ndiye niliyeiandikisha!"

"Basi ungekuwa yeye usingeniomba niivunje."

Ni kweli asingeomba. Angemtukana mwenye kuomba. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimwona mumewe kama alivyo: amekaa wima kwenye benchi, simu mbili mbele yake, wagonjwa wanamtazama, anailinda pesa ya mkewe isiibwe na mkewe. Alikuwa anafanya vizuri. Miaka minne alikuwa akiingoja simu ile irudi ili safari hii asisome. Chekundu kikawaka tena. Muuzaji akaonyesha kidole kimoja, akakiacha hewani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Usibonyeze mpaka nikuambie," akamwambia muuzaji. Akavuta kiti, akakaa. Mumewe hakuwa amekata. Alisikika anapumua.

"Unalia?" akauliza Bwana Foleni.

"Silii."

"Wao huwa wanalia. Mke wangu halii kwenye simu. Wala pasipo simu." Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, na Mama Kioo akajua ameinuka kwenye benchi, ametoka nje wanakoanika mashuka, ili wagonjwa wasisikie. "Haya. Kuna neno moja. Mke wangu aliniambia siku ile ya wizi, jioni, jikoni. Tulikuwa wawili. Sijamwambia mtu, wala watoto, wala kaka yangu. Naye hajalisema tena. Kama ni wewe, litaje."

Mama Kioo akafungua mdomo alitaje, akakuta hana cha kutaja.

Siku ile aliikumbuka. Wizi aliukumbuka mpaka dakika. Neno hakulikumbuka. Aliyasema mengi enzi zile, na kwa siku nyingi.

"Nilikuita mjinga?"

"Hapana. Hilo la kila siku."

"Nilisema bora ningebaki kwetu."

"Hilo ulilisema mwaka mwingine," akasema Bwana Foleni, na kwa bahati mbaya alisema "ulilisema", akajirekebisha: "alilisema".

"Nilisema kiwanda kilijua kwa nini kilikufungia nje."

"Hilo sikulisikia," akasema mumewe. "Ulimwambia nani hilo?"

Loo, jamani! Alimwambia dada yake. Akafumba macho. Heri kujikwaa kidole, walisema wazee, na mwenzetu huyu alikuwa anajikwaa ulimi kwa zamu, mbele ya watu, kwa simu ya kulipiwa. Saa sita kasoro saba. Yule daktari alikuwa ameweka kikombe chini, amesimama, ananyoosha koti.

Akaacha kubahatisha. Akarudi kwenye jiko la siku ile, kama anavyorudia tumbo la mgonjwa: polepole, anasukuma kidogo, anangoja picha itulie. Maharage yalikuwa motoni, yakaungua. Yeye alikuwa kwenye karai, ananawa jeli ambayo haikutaka kutoka. Mumewe alisimama mlangoni, simu ameishika kwa mikono miwili kama sahani. Alikuwa anasema, "Nitazirudisha, nitatafuta kazi ya ulinzi, nitazirudisha zote." Na yeye hakugeuka. Hakupiga kelele; hilo alilikumbuka vizuri, kwamba hakupiga kelele, alijisifu hata baadaye kwamba alijizuia. Alisema kwa sauti ya chini, huku ananawa. Mumewe akajibu, "Haya." Kisha akatoka kwenda kupanga mabenchi, yakiwa yameshapangwa.

Neno likaja lote. Lilikuwa limekaa mahali pake, halijafifia hata kidogo.

Hakutaka kulisema. Dukani pale hakuna aliyejua lugha yake, angeweza kulipiga yowe na muuzaji angetabasamu. Lakini kulikuwa na mtu mmoja wa kulielewa, na ndiye aliyekuwa akilingoja, nje, kwenye mashuka.

"Baba," akasema.

"Nakusikia."

"Nilisema, 'Nilidhani nina mume, kumbe nimefuga.'"

Upande wa pili palikuwa na sauti ya shuka linalopigwa na upepo, na mbali kidogo mtu anakohoa kwenye benchi.

"Ndiyo," akasema Bwana Foleni. "Ni wewe."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema anavyosema akilinganisha kikaratasi na daftari, namba ikikubaliana na namba. Mama Kioo akamwashiria muuzaji kwa mkono. Muuzaji akabonyeza. Haikupita muda, akasikia kule nyumbani simu ya kazi inalia mlio wake mfupi, na nyayo za mumewe zinarudi ndani.

"Umeingia. Una kalamu?"

"Ninayo."

Akazisoma tarakimu sita, moja moja. Akazisoma tena toka mwanzo. "Rudia nisikie," akasema. Mama Kioo akarudia, na mumewe akaitikia kila tarakimu kwa "ndiyo", mara sita. Muuzaji akaziingiza. Kijisanduku kikawa cha kijani, na mashine ndogo pembeni ikatoa karatasi. Yule daktari mwingine akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

"Imekubali," akasema Mama Kioo.

"Tunashukuru."

"Baba, lile neno. Mimi nilikuwa..."

"Simu ya watu hiyo, mama," akasema mumewe. "Na hapa kuna watu tisa. Safari njema." Akakata.

Miaka minne walikula meza moja. Alimfulia, alimpigia pasi, walimzika mama mkwe wake pamoja. Kila asubuhi alimpa vikaratasi vya namba, naye alipokea na kusema haya. Alidhani lile la wizi lilishaisha, tena alidhani ni yeye aliyelimaliza, kwa kusamehe. Moyo ulimuuma, ukamuuma sana, mahali ambapo mashine yoyote ile isingeonyesha kitu.

Muuzaji alikuwa anampongeza. Alimwita daktari, akamsogezea karatasi za waranti na kalamu. Mama Kioo akasaini mahali pa muuzaji. Ikachapwa karatasi nyingine, akasaini mahali pa tarehe. Mara ya tatu yule bwana mnene akaweka kidole chake chini ya mstari unaotakiwa, akakiacha hapo mpaka alipomaliza.